Kichwa cha Ramadhani Huanza Shaaban

Hotuba iliyotolewa kwa waumini wa Bombo, wilaya ya Luwero, Uganda, katika Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, baada ya swala ya Alasiri. Tumeiandika yote kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sheikh wetu imamu, wazee wetu, mahajati na mama zetu mlioko upande wa pili wa pazia, vijana mliosimama mlangoni: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tuanze kwa swali. Siku ya kwanza ya Ramadhani iliyopita, wangapi humu kichwa kiliwauma kabla ya Magharibi? Inueni mikono, hapana aibu. Ni wengi. Na wangapi kati yenu walisema, "Ni njaa tu, itapita"? Mikono ile ile.

Sasa sikilizeni. Kwa wengi wenu haikuwa njaa peke yake, na kwa baadhi yenu njaa haikuhusika kabisa. Kichwa kile kina sababu zinazojulikana, na karibu zote zinaweza kushughulikiwa kabla mwezi haujaandama. Ndiyo maana tumeomba nafasi hii sasa, Shaaban, wala si tarehe 3 ya Ramadhani wakati mmeshafunga vitambaa vichwani. Kichwa cha Ramadhani huanza Shaaban. Shikeni hilo, tutalirudia.

Kwanza mjue kwamba tatizo hili si la kufikirika, wala si udhaifu wa imani. Madaktari wa kichwa duniani wamelipa jina na nafasi yake katika orodha yao ya maradhi: maumivu ya kichwa yatokanayo na kufunga. Huanza mtu akishakaa saa 8 au zaidi bila kula, huenea kichwa kizima badala ya kukaa upande mmoja, hayapigi kama mshipa, huwa ya wastani, na humalizika ndani ya saa 72 baada ya kula. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa hospitali nchini Saudi Arabia katika siku ya kwanza ya Ramadhani. Kati ya 91 waliofunga, 37 waliumwa kichwa. Kati ya 25 ambao hawakufunga, waliumwa 2. Mayahudi nao wana siku yao ya kufunga, Yom Kippur, bila kula wala kunywa, na walipochunguzwa, hesabu ilikuwa karibu hiyo hiyo. Basi kichwa hakiulizi dini ya mtu. Kinauliza nini? Watafiti wa Saudi Arabia waligundua kwamba kati ya mambo yaliyotoka nje ya mwili, lililoongoza lilikuwa kukatika kwa kahawa.

Kahawa, ndugu zangu. Hapo tutakaa kidogo, kwa sababu tuko Luwero, na Luwero ni nchi ya kahawa.

Mnajua kwamba kahawa inayolimwa sehemu kubwa ya Uganda ni robusta, na arabika hukaa milimani, Elgon na Rwenzori. Kinachokuamsha ndani ya kahawa ni kafeini, na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kikombe kikubwa cha arabika, mililita 240, huwa na kafeini kama miligramu 95. Kikombe kama hicho cha robusta kinaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Chai ya majani ina kama 40 hadi 50. Soda nyeusi ya chupa ina kama 30 na kitu. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wa bodaboda wanavipenda, kopo la mililita 250 lina kama 80.

Ukitumia miligramu 200 kwa siku kwa zaidi ya wiki 2, mwili wako umeshazoea. Mia mbili ni nini? Ni kama kikombe kimoja kikubwa cha robusta, au vinne vitano vya chai. Hapa wangapi hawafiki hapo? Kafeini huibana kidogo mishipa ya damu ya ubongo. Ukiikata ghafla, mishipa hutanuka, damu huenda kwa wingi kuliko ilivyozoea, na kichwa huanza kuuma. Maumivu huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufika kileleni siku ya pili, na yanaweza kukaa kuanzia siku 2 hadi siku 9.

Tumchukue mama mmoja wa sokoni, mfano tu, asitafutwe mtu hapa. Anauza vitenge. Anakunywa kahawa anapoamka, kikombe cha pili saa 4 asubuhi, cha tatu baada ya Adhuhuri, cha nne saa 11 jioni akifunga hesabu. Siku ya mwisho ya Shaaban anakunywa cha mwisho hiyo saa 11 jioni. Daku anakula, kahawa anaiacha kwa sababu ameambiwa inatoa kiu. Hesabuni nami: saa 11 alfajiri ni saa 12 tangu kikombe cha mwisho. Saa 5 asubuhi ni saa 18. Adhuhuri kichwa kimeshakaza. Anasema, "Swaumu ya mwaka huu ni nzito." Anafuturu, anakunywa kahawa, na ndani ya saa moja kichwa kimeachia. Anasema, "Nilikuwa na njaa." Si njaa, mama. Ni kahawa iliyokosekana, na kahawa ndiyo iliyokuponya. Halafu kwa furaha anakunywa vikombe vitatu usiku, kesho asubuhi anaikata tena, na kichwa kinarudi. Mtu wa namna hii anaweza kuumwa mwezi mzima kwa sababu hamalizi kuiacha wala hamalizi kuinywa.

Afanye nini? Aanze leo. Ana vikombe 4, basi kila baada ya siku 3 apunguze kimoja, na aanze na vile vinavyoangukia mchana. Siku 3 za kwanza aondoe cha saa 11 jioni. Siku 3 zinazofuata aondoe cha baada ya Adhuhuri. Kisha cha saa 4 asubuhi. Kama kuondoa kikombe kizima ni kugumu, aweke nusu ya kijiko cha kahawa mahali pa kijiko kizima, kikombe kibaki kile kile. Ndani ya wiki 2 atakuwa na kikombe kimoja tu, na kikombe hicho akisogeze taratibu kuelekea wakati wa daku. Mkipunguza polepole hivi kichwa kinaweza kugutuka kidogo jioni, lakini hakitaangusha mtu.

Je, mtu akinywa kikombe kimoja kwenye daku, hatapata kiu? Aliyezoea kahawa halazimiki kukimbilia chooni kwa kikombe kimoja. Kafeini hubaki mwilini nusu yake baada ya saa kama 5, kwa hiyo kikombe cha saa 11 alfajiri kinakufikisha mchana. Akitaka kingine usiku, akinywe mara baada ya kufuturu. Kahawa ya saa 4 usiku baada ya Tarawehe ndiyo mbaya kuliko zote: inakunyima usingizi, na usingizi ni sababu nyingine ya kichwa ambayo tutaigusa.

Wavuta sigara nao wamo humu humu. Nikotini ikikatwa ghafla kichwa huuma, na Shaaban ndiyo wakati wa kupunguza. Na kwa kuwa mmeianza safari, msirudi Shawwal, Ramadhani ikiisha.

Jambo la pili ni daku na maji.

Sisi wa Uganda tumepewa nafuu ambayo wengi hatuitambui. Tuko kwenye ikweta. Alfajiri yetu ni karibu saa 11 na nusu, Magharibi karibu saa 1 jioni, na Ramadhani ikija Januari au ikija Julai, funga yetu inabaki saa 13 na dakika kama 20. Ndugu zetu walioko London, Ramadhani ikiwaangukia Juni, wanafunga saa 18 na zaidi. Sasa niambieni: kijana anayekula futari saa 2 usiku, akalala, akasema daku haimpendezi, akaamka moja kwa moja kwa swala ya Alfajiri, huyo amefunga saa ngapi? Kutoka saa 2 usiku hadi saa 1 jioni ya kesho ni saa 23. Amejifungisha Juni ya London akiwa Bombo! Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema: "Kuleni daku, kwani katika daku kuna baraka." Wamepokea Bukhari na Muslim. Na alikuwa akiichelewesha: Zayd bin Thabit alipoulizwa kati ya daku na swala palikuwa na muda gani, alijibu kiasi cha kusoma aya 50. Anayekula daku saa 8 usiku ili arudi kulala ajue amejiongezea saa 3 za kufunga ambazo hakuna aliyemuamrisha.

Ale nini? Chapati mbili na chai ya sukari nyingi hukupandisha haraka na kukushusha haraka, na saa 4 asubuhi umeshachoka. Chukua vyakula vinavyokaa: matoke au muhogo wa kuchemsha pamoja na maharage au mchuzi wa karanga, au uji mzito wa wimbi na mayai mawili. Punguza samaki wa chumvi na pilipili, hivyo ndivyo vinavyoleta kiu.

Na maji yenyewe? Kosa kubwa ni yule anayesubiri imsaki, wakati wa kuacha kula, kisha anakunywa lita moja na nusu kwa mkupuo. Mwili hauna jerikeni la akiba. Figo zitayatoa yaliyozidi ndani ya saa chache, utakwenda chooni mara tatu kabla jua halijapanda, na Adhuhuri utakuwa mkavu kama aliyelala bila kunywa. Yagawe. Lita 2 ni bilauri 8 za mililita 250. Mbili wakati wa kufuturu pamoja na tende. Moja baada ya swala ya Magharibi. Moja kabla ya Tarawehe, moja baada yake, moja kabla ya kulala. Mbili kwenye daku. Anayebeba mizigo, anayelima, anayeendesha bodaboda juani aongeze bilauri mbili au tatu. Tazama mkojo wako asubuhi: ukiwa wa njano hafifu kama nyasi kavu, uko sawa, ukiwa wa rangi ya chai, jana usiku hukunywa vya kutosha. Soda isihesabiwe katika bilauri hizo 8.

Usingizi, kwa ufupi. Anayelala saa 6 usiku na kuamka saa 10 amelala saa 4. Siku tatu za namna hiyo zinatosha kuumiza kichwa cha mtu anayekula na kunywa, sembuse aliyefunga. Mkitoka Tarawehe nendeni nyumbani, simu iachwe. Na mchana, ukipata dakika 20 au 30 baada ya Adhuhuri, zilale. Kailula ni mwenendo wa wema waliotutangulia, na ni dawa ya bure.

Sasa tuje kwa watu ambao kichwa chao si cha kawaida: wenye kipanda uso. Mnawajua. Kichwa kinapiga upande mmoja, mwanga unaudhi, makelele yanaudhi, wanatapika, wanajifungia chumbani. Kwa hawa, kukosa chakula, kukosa usingizi na kukosa maji ni vichochezi vitatu vinavyokuja siku moja. Wagonjwa 32 wa kipanda uso walifuatiliwa katika jangwa la Negev, Israeli, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010: mwezi wa kawaida waliumwa wastani wa siku 3.7, Ramadhani siku 9.4. Dada wa namna hii tusimwambie "vumilia, utazoea." Anahitaji daktari, na anamhitaji mapema, kwa sababu dawa za kukinga kipanda uso huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Ingependeza angeanza Rajab, mwezi uliotangulia huu, lakini hata leo hajachelewa. Akiwa tayari anameza dawa ya kinga mara mbili kwa siku, amuulize daktari kama inaweza kubadilishwa iwe mara moja, usiku. Asijibadilishie mwenyewe.

Na hapa tuseme juu ya vidonge, maana ndipo tunapoharibu zaidi. Kuna anayemeza dawa ya maumivu kila daku, "kwa kinga", siku 30. Parasetamoli, gramu 1 kwenye daku siku ya kwanza na ya pili, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, haina neno. Lakini ukimeza dawa za kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi, dawa zenyewe huanza kukuletea kichwa. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vyenye dawa zaidi ya moja ndani yake, ni siku 10 tu. Soma karatasi ya pakiti: vidonge vingi vya kichwa vimewekewa kafeini ndani, kwa hiyo unaiacha kahawa kwenye kikombe na kuimeza kwenye kidonge. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka la dawa linakupa bila kukuuliza chochote, zinakwaruza tumbo na zinazibana figo, na figo iliyokaa saa 13 bila maji ndiyo inayoumia kirahisi. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo au kisukari asiziguse bila kumwona daktari. Iko dawa nyingine, etorikoksibu, iliyojaribiwa hasa kwa kichwa cha mwanzo wa Ramadhani, ikimezwa kabla ya kuanza funga, na ilipunguza maumivu. Nayo pia ina hatari kwa moyo na figo. Si ya kununua kwa jina ulilolisikia msikitini.

Hijama, yaani kutolewa damu kwa chuku, nayo mtaiuliza. Ibn Abbas amepokea kwamba Mtume alipigwa chuku kichwani kwa maumivu ya upande mmoja wa kichwa. Lakini Anas alipoulizwa kama walikuwa wakichukia chuku kwa aliyefunga, alijibu: hapana, isipokuwa kwa sababu ya udhaifu. Basi anayetaka hijama aifanye usiku, ameshakula na kunywa, kwa mtu mwenye vifaa safi vya kutumika mara moja. Kumtoa damu mtu mkavu saa 10 jioni ni kumuongezea kichwa.

La mwisho ndilo linalotutia hofu zaidi.

Fikirieni kijana wa bodaboda. Tarehe 12 ya Ramadhani, kichwa kinamuuma tangu asubuhi. Wenzake wanamwambia ni swaumu. Jioni anafuturu, kichwa hakiondoki. Usiku anatetemeka. Kesho anafunga tena, "nimalize siku yangu." Siku ya tatu anabebwa. Ilikuwa nini? Malaria. Tuko Uganda, ndugu zangu! Kichwa kikianza katikati ya mwezi kwa mtu aliyekwisha kuzoea funga, kisipoachia saa mbili tatu baada ya kula na kunywa, kikija na joto la mwili, baridi au viungo kuuma, msiite swaumu. Nenda kapime siku hiyo hiyo. Tone la damu kidoleni, na mashekhe wengi wamesema tone hilo halifunguzi. Ukikutwa na malaria, dawa ianze hapo hapo, usisubiri Magharibi. Ile dozi ya kawaida ya mtu mzima ya artemeta-lumefantrini, vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, ina sharti lake: dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ya kwanza, na kila dozi humezwa na chakula chenye mafuta kidogo, maziwa au karanga, ili iingie mwilini. Siku hizo unakula. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Baqara kwamba aliye mgonjwa au safarini atimize hesabu katika siku nyingine, na kwamba anakutakieni wepesi wala hakutakieni uzito. Nani amekupa wewe uzito aliouondoa Yeye?

Na kuna vichwa ambavyo hata kupima malaria kwanza si kazi yako. Ni kwenda hospitali mbio. Kichwa kilichokuja ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona. Kichwa na shingo iliyokakamaa pamoja na homa. Kichwa na mkono au mguu mmoja kulegea, mdomo kupinda, maneno kuchanganyika, au degedege. Kichwa baada ya kuanguka. Mama mjamzito aliyepita miezi 5, kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu, uso au mikono imevimba: hiyo yaweza kuwa presha ya mimba, na baada yake huja kifafa cha mimba. Afungue papo hapo, apelekwe. Mume asiseme "ngoja adhana."

Mwenye kisukari akisikia kichwa, jasho na kutetemeka, apime sukari. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, afungue, hata kama zimebaki dakika 10. Ikiwa juu ya 16.6 mmol/L, afungue pia na atafute matibabu. Mwenye presha asiache dawa kwa sababu ya mwezi. Ahamishe saa za kumeza kwa ushauri wa daktari wake.

Tumalizie hapo ili tuwahi Magharibi. Wenye kisukari, wenye presha, wajawazito na wenye kipanda uso msiondoke. Wanaume kaeni upande wa kulia wa mimbari. Mama zetu, wauguzi wawili wanawake wako huko kwenu na kipimo cha presha. Aliyekuja na dawa zake atangulie, tumwandikie saa za kumeza za futari na daku. Na wanywaji wa kahawa, anzeni kuhesabu vikombe vyenu kesho asubuhi.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.